Robo Mzunguko

Mama wa mlango wa pili anadai mdogo wangu alimrushia mwalimu wa hesabu chaki, akamwita mwongo mbele ya darasa zima. Hapo kwenye chaki ametia chumvi. Mdogo wangu alisimama tu, akasema namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi moja haipo, na anayefundisha kitu kisichokuwepo anadanganya. Mwalimu akamwonyesha mlango: asirudi mpaka aombe radhi.

Tangu hapo anashinda chumbani kwangu, ananisaidia kukata nguo za wateja.

"Wenzako wote wanaandika, wewe peke yako umejifanya jaji," nilimwambia.

"Dada, wewe uliishia la saba. Ungeiandika namba ambayo hata mwalimu mwenyewe anaiita ya kufikirika?"

"Ningeiandika huku namtazama usoni."

Akacheka kidogo. Alikuwa anakata mkono wa gauni, kitambaa chenye michoro ya ndege, wote vichwa juu. Alikuwa ameilaza karatasi ya kukatia kiubavu ili kitambaa kisipotee. Nikamwambia ndege watalala ubavu, ageuze. Akageuza robo mzunguko, lakini badala ya kuirudisha karatasi wima akaendelea upande uleule, na akakata kabla sijainua macho kwenye cherehani.

Mkono ukatoka ndege miguu juu.

"Hongera," nikasema. "Umewaua wote."

Aliiweka karatasi ilivyotakiwa, akaigeuza robo. Akaigeuza robo tena, upande uleule.

"Mara moja, hawako juu wala chini," akasema. "Mara mbili, wamepinduka. Hasi moja."

"Nisemeshe kama mtu wa la saba."

"Kitu ukikifanya mara mbili kinakupa kinyume. Nilikuwa naitafuta kwenye mstari wa namba, kumbe imekaa pembeni yake."

"Basi ipo."

"Kugeuza kupo. Kama kugeuza ni namba, sijui."

"Na hiyo hasi moja, uliwahi kuiona wapi?" Niliuliza kwa sababu sikujua.

Akafikiri. "Hiyo nimeizoea tu."

Kitambaa kilichobaki kilitosha mkono mmoja. Nikamsogezea.

"Mwalimu hajasema uamini, anataka uombe radhi. Nenda kesho, mama. Nitakusindikiza mpaka getini."

Akailaza karatasi, vichwa juu, akatia pini mdomoni moja moja, akainama kwenye kitambaa.