Mstari wa Baharia

Ukisema hapa kwetu Runyenjes kwamba mume wako ni baharia, watu wanakutazama kama umesema anafuga samaki juu ya mti. Bahari yenyewe wengi wetu tumeiona kwenye kalenda. Mimi nimeiona kwenye simu, na nimeichukia, kwa sababu kila nikiiona mume wangu yuko ng'ambo yake.

Mugendi, au Baba Joyline kama ninavyomwita, ni fundi wa injini kwenye meli ya mizigo. Alizaliwa kule chini Mbeere, kwenye joto na muguka, yale majani ya kutafuna, akasomea ufundi Mombasa, na bahari ikamchukua huko huko. Mshahara wake ndio ulionunua shamba letu la majani chai. Kulinunua alijua, kulichuma hajui. Akija likizo hutembea katikati ya mistari, mikono nyuma, kama afisa wa kilimo, anasema, "Imependeza," halafu anapanga begi.

Akiwa baharini hapigi simu, mtandao wa huko ni wa shida. Hupiga meli ikifika bandarini na yeye akipewa saa chache za kushuka. Kwa hiyo mimi dunia naijua kwa visiwa alivyoshukia. Najua kile cha Kepuvede, kwa Waafrika wenzetu, ambapo walimsemesha kwa lugha yao wakidhani ni mtoto wa pale, hata mama mmoja akamgombeza kwa kutojibu salamu. Najua kile cha Wahispania ambapo migomba hufunikwa neti kama mtoto aliyelala. Wenzake wakishuka hutafuta bia. Yeye hutafuta soko. Anaingia hamjui mtu, hajui neno moja, anashika viazi vya watu na kuvinusa.

"Nataka tu kunusa udongo," huniambia.

"Udongo uko hapa," mimi humjibu. "Tena umelipia."

Wakati mwingine yeye huigeuza simu anionyeshe wapita njia, ili nisimwone uso.

Lakini sijawahi kumwambia rudi. Mama yangu alimwomba baba arudi kutoka Nairobi kila Krismasi, na kadiri alivyoomba ndivyo baba alivyokawia. Mwanamume wa kuombwa hurudi kama aliyetumwa dukani, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mimi niliapa sitaomba. Namtamani mume wangu mpaka mifupa inauma. Upande wake wa kitanda naweka nguo zilizokunjwa ili usionekane mtupu. Lakini kumwita? Hapana.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Mama Joyline," jirani yangu Peninah hunitania. Naye ndiye ninayechumiana naye.

Huku kwetu akina mama tunachumiana majani chai kwa zamu. Leo wote kwangu, kesho wote kwa Peninah, siku nyingine kwa Muthoni. Ukishachumiwa, una zamu ya kurudisha. Na zamu hailipwi kwa pesa, wala hutumi mtu mwingine. Unakuja mwenyewe na mikono yako. Kuna mmoja aliwahi kutuma pesa kwa simu badala ya kuja, na msimu mzima tulimsalimia kwa nyusi tu.

Siku moja, ilikuwa mchana, niko shambani na Peninah, kikapu mgongoni. Simu ikalia. Mugendi alikuwa ameshuka kwenye kisiwa cha Wareno, katikati ya Atlantiki, bandari ambayo meli yao haikuwahi kufika. Soko alilikuta limefungwa. Basi yeye na Mfilipino mmoja wa melini wakapanda basi bila kujua linakoenda, mradi linapanda mlima.

"Mama Joyline! Angalia! Haki, angalia hii!"

Picha ilitikisika. Nikaona kijani, na chini yake bahari.

"Hii si ni majani chai?"

"Ni majani chai," nilisema, nikaisogeza simu karibu na macho.

Mistari ilikuwa imelala mlimani, imesawazishwa vizuri. Bila ile bahari ningeapa ni ng'ambo ya mto wetu. Mume wangu hakuuliza mtu. Aliisimamisha simu kwenye kichaka, akaingia shamba la watu, akaanza kuchuma.

"Wewe! Unavunja matawi!" nilimpigia kelele. "Majani mawili na kichipukizi! Hiyo ngumu wacha, kituoni kwa kupima watakurudishia."

"Hivi?"

"Hivyo. Tumia mikono yote miwili. Unafikiri umeshika spana?"

Alicheka. Nami nikaitundika simu yangu kwenye tawi, nikaendelea na kazi. Tukachuma hivyo, yeye kisiwani, mimi Runyenjes, bila kuongea. Nilisikia majani yake yakikatika, polepole, kisha kwa haraka kidogo. Peninah alituacha, akaenda mwisho wa shamba. Katika ndoa yetu yote hatukuwa tumewahi kuchuma pamoja. Machozi yalinitoka, sikuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Basi leo nimekuchumia," akasema. "Usinidai."

"Umemchumia Mreno. Mimi nachuma shamba lako tangu ulinunue. Una zamu kwangu, Baba Joyline."

"Si nitatuma pesa, uweke watu?"

"Zamu haitumwi. Unaukumbuka ule mstari wa mwisho, karibu na mgomba? Huo ni wako. Mimi siugusi tena."

Kabla hajajibu, mama mmoja mzee mwenye gambuti miguuni alitokea nyuma yake. Nilidhani anamfukuza. Kumbe alimfumbua ngumi, akayatazama majani, akacheka, akamtolea yale magumu. Mugendi akamwonyesha sehemu ya shamba iliyokatwa, imebaki visiki tu, akamuuliza kitu kwa ishara. Mama akainua vidole. Picha ikaganda, mtandao ukaenda.

Ule mstari sikuugusa. Ulipita kiuno, ukapita kifua, ukatoa maua meupe ambayo chai inayochumwa haitoi. Peninah alisema nimerogwa. Kila nilipopita pale mikono iliniwasha, nikapita. Mugendi alipiga kutoka visiwa vingine, kimoja cha mvua, kimoja cha mawe matupu, na hakutaja mstari. Nami sikuutaja. Mwishowe akaniambia kampuni imempa karatasi za mkataba mpya.

"Nikuje likizo miezi miwili, halafu nirudi. Wewe unaonaje?"

"Sawa," nilisema.

Akaja. Mgeni siku mbili. Siku ya kwanza alikula akalala. Siku ya pili tulishuka Mbeere kumsalimia mama yake. Karatasi alikuwa ameziweka mezani, chini ya bakuli la sukari, hazijatiwa sahihi, na mimi nilipangusa meza nikizizunguka kama zina moto. Siku ya tatu, wengine hupewa jembe. Mimi nilimpa panga kali, nikampeleka kwenye mgomba.

Alisimama. Chai ilikuwa imemfika kidevuni.

"Hii ni nini, Mama Joyline?"

"Zamu yako."

"Lakini hii haichumiki!"

"Haichumiki. Inapogolewa kwanza, mpaka magotini, halafu unangoja ichipue. Na zamu ni ya kuchuma, sio ya kukata."

Alipitisha kidole gumba kwenye makali ya panga. Nilijua anafikiria ile miezi yake miwili na zile karatasi chini ya bakuli.

"Itakaa muda gani kabla ichumike?"

"Miezi sita," nilisema.

Ukweli ni mitatu, na kila mtu Runyenjes anajua. Peninah, aliyekuwa akichuma mstari wa pili, alikohoa, akatugeuzia mgongo.

Mugendi aliinua macho kutoka kwenye panga.

"Yule mama wa kisiwani," akasema, "alinionyesha vidole vitatu."

Niliutazama mgomba kama ndio kwanza nauona.

Akainama, akashika tawi la kwanza, akalikata kwa pigo moja.

"Lakini hiyo ilikuwa chai ya Wareno," akasema. "Hii yetu, wacha tuseme sita."