Safu ya Sababu

Jumanne jioni, mgombea urais aliingia katika darasa la watu wazima akiwa amechelewa dakika kumi. Aliwaacha walinzi wake nje, akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma kabisa, kati ya askari wa benki na mama muuza mboga.

Mwalimu alikuwa ameupa mlango mgongo, anaandika ubaoni. Aliposikia minong'ono aligeuka, na chaki ikamkatikia mkononi. Kwa miaka kumi na miwili uso ule alikuwa akiuona kwenye mabango tu.

"Mwalimu," askari wa benki alinong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani, "huyu si yule mama wa kwenye mabango?"

"Kwenye mabango amenyamaza," Mwalimu alijibu. "Na hapa atanyamaza. Tuko kwenye kugawanya. Mfano wa tatu, soma."

Darasa zima likaangua kicheko. Mgombea naye alicheka, akafungua mkoba, akatoa kalamu na kuanza kunakili mfano wa tatu.

Wanafunzi walimwita mwalimu wao Mama Saa. Mume wake alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, na yeye mwenyewe hakupata kuchelewa darasani hata siku moja. Lakini jambo moja liliwashangaza. Mwanafunzi akichelewa, Mama Saa hakumuuliza kitu. Alimwambia tu, "Karibu, kaa," na somo likaendelea. Hawakujua kwamba zamani hakuwa hivyo.

Zamani alikuwa naibu mkuu wa shule ya msingi, na huyu mgombea ndiye aliyekuwa Mkuu wake. Walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Mkuu ndiye aliyeanzisha daftari la wachelewaji, likakaa kwenye meza langoni. Lilikuwa na safu tatu: jina, saa ya kufika, sababu. "Atakayefika baada ya kengele ataandika," alisema Mkuu siku ya kwanza, "hata nikiwa mimi." Akamkabidhi naibu wake daftari lile alilinde.

Asubuhi moja ya mtihani wa kumaliza shule, Mkuu alifika dakika arobaini baada ya kengele. Ufunguo wa kabati la mitihani alikuwa nao yeye peke yake, na watoto mia moja na tisini walikuwa wamesimama juani wakimsubiri. Viatu vyake vilikuwa na vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hakusalimia. Aliandika jina lake, akaandika saa, na safu ya sababu akaiacha wazi. Naibu alikuwa amechemka kwa hasira. Alichukua kalamu nyekundu, na mbele ya walimu wote waliokuwa wamesimama pale akaijaza ile nafasi: *Hakuna sababu.*

Mchana ndipo habari zilipofika. Mama yake Mkuu alikuwa amefariki alfajiri ile. Mkuu alitoka chumba cha maiti kwa miguu, akaleta ufunguo.

Naibu alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Aliondoka bila kumpa mkono. Muhula uliofuata aliomba uhamisho, na tangu hapo hakuna aliyemtafuta mwenzake. Daftari la wachelewaji hakulishika tena maishani mwake.

Somo la Jumanne ile lilipokwisha, wanafunzi waliondoka darasani shingo upande, wakigeuka-geuka nyuma. Mama Saa alifuta ubao polepole, mahali pasipo na maandishi akapafuta pia.

"Umezeeka," alisema Mkuu kutoka dawati la nyuma.

"Na wewe bango linakudanganya. Wamekufuta mikunjo yote."

"Ilibidi. Mpiga picha alisema itatisha watoto."

Walicheka pamoja, kisha wakanyamaza ghafla, kama watu waliokumbuka kwamba hawazungumzi.

"Ijumaa saa nne asubuhi Tume ya Uchaguzi inafunga kupokea fomu," Mkuu alisema. "Sina mgombea mwenza. Chama kinamtaka Bwana Mabasi."

"Yule mwenye mabasi kila mji?"

"Huyo huyo. Mimi nakutaka wewe."

Mama Saa aliketi juu ya dawati lililokuwa karibu. "Mimi? Mstaafu wa darasa la taa moja?"

"Wewe uliyeendesha shule ya watoto elfu moja na mia mbili, kila mtoto akapata mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa napiga hotuba tu."

"Mkuu, usinitanie. Unajua niliandika nini."

"Najua. Nilikisoma jioni ile nilipokwenda kufunga ofisi." Mkuu alifunika kalamu yake na kuitia mkobani. "Sitakuficha, kiliniuma. Miaka mitatu mtu akitaja jina lako nilibadilisha mazungumzo."

"Na sasa?"

"Sasa nimezungukwa na watu wanaonitafutia sababu kabla hata sijachelewa. Juzi nilifika mkutanoni nimechelewa saa mbili nzima. Watu wako juani, kuna wajawazito, kuna wazee. Msaidizi wangu akashika kipaza sauti: 'Mheshimiwa alikuwa na majukumu mazito.' Majukumu gani? Nilikuwa nimelala! Nilipitiwa na usingizi wa mchana, na hakuna aliyethubutu kuniamsha. Watu wakapiga makofi. Mimi nimesimama pale jukwaani, nikakukumbuka wewe na kalamu yako nyekundu."

Mama Saa hakutabasamu. "Sikukuandika kwa haki," alisema. "Nilikuandika kwa hasira. Ningekuuliza tu: dada, kuna nini? Maneno matatu, Mkuu. Yalinishinda maneno matatu."

"Ungeniuliza ningelia. Na ningelia, watoto wasingefanya mtihani." Mkuu alisimama, akajifuta vumbi la chaki lililokuwa kwenye sketi. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini kweli, nilitamani uniulize."

Mama Saa aliinama kuokota kipande cha chaki.

"Saa tatu asubuhi, Ijumaa, langoni kwa Tume. Ukija, umekubali. Usipokuja sitakulaumu. Bwana Mabasi ameshashona suti."

Nyumbani, mume wake alikuwa kwenye kiti chake kile kile cha sebuleni, chini ya saa sita za ukutani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku hizi. Yeye aliyewahi kuokota skrubu ndogo kama punje ya mchanga, sasa hakuweza kujifunga vifungo vya shati. Mama Saa alimsimulia yote huku akimfungua vifungo hivyo kimoja kimoja.

"Siwezi kwenda," alimalizia. "Nani atakufunga vifungo?"

"Nitavaa fulana."

"Mzee, sitanii."

"Wala mimi. Zipo fulana nzuri sana." Alimshika mkono, na mtetemo wa mkono wake ukaingia katika mkono wa mkewe. "Mke wangu, usinifanye mimi kuwa sababu. Dada yangu anakaa nyumba ya tatu, atanitazama kwa raha zake, na kunisema atanisema. Wewe unaogopa jambo jingine, halina uhusiano wowote na shati hili."

Siku tatu Mama Saa alipiga magoti asubuhi na jioni. Hakuomba cheo, wala hakuomba kuepushwa nacho. Alimwomba Mungu amwonyeshe kilichomfunga. Na kila alipofumba macho alichokiona ni wino mwekundu. Alizoea kusema "amina" na kuinuka upesi kuukimbia wino huo. Alhamisi jioni hakukimbia. Alikaa nao, magoti yakauma, machozi yakatiririka mpaka kwenye kola, na alipoinuka alijua pa kwenda.

Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa mlangoni pa shule yake ya zamani. Karani alimshangaa, lakini alimfungulia stoo. Maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka darini, mengine yameliwa na mchwa. Walipekua pamoja, wakipiga chafya kwa zamu. Saa mbili ikapita.

"Mwalimu, huna miadi leo?" karani aliuliza. "Umeangalia saa mara kumi."

"Ninayo. Tupekue."

Walilipata daftari la wachelewaji ndani ya boksi la mwisho kabisa, chini ya vikombe vya michezo. Mama Saa aliufikia ukurasa ule. Wino mwekundu ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka. Aliukata kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Amefiwa na mama yake. Amekuja kwa miguu kuwaletea watoto ufunguo.* Akatia sahihi na tarehe ya siku hiyo. Karani, aliyekuwa akichungulia begani, alivua miwani na kuifuta.

Alipotoka, barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya misafara ya wagombea. Mama Saa alikata kupitia vichochoro, mkoba kifuani, nusu anatembea nusu anakimbia, na umri wake ukamkumbusha kila hatua.

Langoni kwa Tume mshauri wa chama alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. "Mheshimiwa, saa tatu na nusu hii! Tumwite Bwana Mabasi, yuko hapo garini na suti yake."

"Huyo mama hachelewi," alisema Mkuu.

"Amechelewa!"

"Basi kuna kitu."

Ndipo akamwona anakuja, kilemba kimelegea, anahema. Mshauri alimkimbilia kwa maneno ya ukali. "Mama, nusu saa! Nchi nzima inakusubiri wewe? Una sababu gani?"

Mkuu alimsogeza pembeni kwa kiganja. Alitazama viatu vya mwenzake. Vilikuwa na vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Dada," alisema taratibu, "kuna nini?"

Mama Saa alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa maneno hayo. Alilia pale pale, hadharani, bila kujificha. Kwa maneno ya kukatika-katika akamweleza: stoo, maboksi, ukurasa, wino wa buluu. Akamwambia alichoandika, neno kwa neno. Kisha akasema, "Nisamehe."

Mkuu alimshika bega. Alitoa kitambaa mkobani, akapiga goti moja, akaanza kumpangusa vumbi viatuni, cha kulia, kisha cha kushoto.

"Mheshimiwa!" mshauri alitoa macho. "Kuna wapiga picha!"

"Wapige. Na safari hii wasifute mikunjo."

Ndani ya gari, Bwana Mabasi alilegeza tai.

Mama Saa alimshika Mkuu mkono akamwinua, kisha kwa mazoea ya maisha yake yote akatazama saa yake, ile aliyotengenezewa na mumewe walipooana. Zilibaki dakika ishirini na mbili.

"Twende," alisema, huku akijifuta macho. "Tumechelewa."

"Tumechelewa? Mimi nipo hapa tangu saa mbili na nusu."

"Sasa tuko wawili, Mkuu. Tumechelewa."