Harufu Iliyoganda Jikoni

Mimba ilipoanza kumsumbua, fundi cherehani alishindwa kabisa kukanyaga jikoni. Mama mkwe wake, mpishi wa shule aliyestaafu, alikuwa akikaanga samaki karibu kila siku, na harufu ilikuwa imeganda kwenye pazia, kwenye ubao wa kukatia, hata darini. Mama mwenyewe hakuisikia. Tangu alipougua mafua makali, pua yake haikunusa kitu.

Fundi aliona haya kusema. Samaki wenyewe walikaangwa kwa ajili yake, ati mtoto apate nguvu. Basi akawa anachukua sahani yake, anasingizia joto, anakwenda kula barazani huku amebana pumzi.

Mama alivumilia weee, mwishowe akamfuata nje, mwiko mkononi.

“Mwanangu, nimekukosea nini? Siku hizi nikiingia, unatoka.”

“Hapana, mama, ni…”

Upepo ukavuma kutoka jikoni. Fundi akakimbilia uani, akatapika. Mama alimshika mgongo mpaka akatulia.

“Ni chakula changu?”

“Ni harufu, mama. Imekaa humo ndani haitoki. Nisamehe.”

Mama akaangua kicheko.

“Mjukuu hata hajazaliwa, keshaanza kunisuta! Si ungesema, mwanangu? Mimi pua hii nimebaki nayo ya kupachikia miwani tu.”

Mchana huohuo alifungua madirisha yote. Alivua pazia akaliloweka, akasugua ubao kwa limau na chumvi, akamwaga mafuta ya zamani. Alichemsha maji yenye siki kwenye sufuria pana, mvuke ukatanda, akapanda kiti na kuifuta dari. Kila mara alimwita mkamwana wake, aliyeketi mlangoni.

“Hebu nusa. Bado?”

“Bado kidogo, mama. Inatokea kule kwenye kabati.”

Wakasogeza kabati. Nyuma yake kulikuwa na kitambaa kilicholowa mafuta, kimeoza.

“Kumbe mchawi wetu huyu hapa!” Mama akakitupa nje.

Jioni fundi aliingia taratibu, akavuta pumzi ndefu. Mama alikuwa akimtazama usoni tu, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua. Uso ulipolegea, naye akashusha mabega.

“Haya, roho inataka nini leo?”

“Viazi vya kuchemsha, mama. Na chumvi.”

Walikula pamoja palepale jikoni. Fundi alimaliza sahani yake. Mama alimmenyea kiazi kingine, akakipuliza kipoe, akamwekea.