Gramu Tatu za Karafuu

Tangu nianze kutengeneza mafuta ya ngozi nyumbani, nilijiwekea sharti moja: kiungo hakiingii kwenye sufuria mpaka nikipate kipimo chake mahali patatu, na pote patatu pakubaliane. Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza kwa simu, kwa kuuliza watu, na kwa kuharibu mafuta mengi ya shea, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za mti wa huku kwetu. Kila kiungo nilikiandika kwenye daftari, mbele yake kipimo, na mbele ya kipimo alama tatu za vema.

Karafuu ilikuwa na alama zake tatu. Gramu tatu za mafuta ya karafuu katika kila gramu mia. Alama ya kwanza niliitoa kwenye kundi la simu la watengeneza sabuni na losheni wa hapa Tamale, ya pili kwa mwanamke mmoja wa Kumasi anayefundisha kwa picha, ya tatu kwa jirani aliyewahi kuhudhuria semina. Wote walinionyesha jedwali, na majedwali yote yalisema vilevile. Sikuwa na sababu ya kubishana nayo.

Jumatano asubuhi nilikwenda soko la Aboabo kwa mzee Issifu, mpika sabuni, kununua vikopo vitupu. Alipoingia ndani kunitafutia vifuniko, macho yangu yakaenda ukutani. Palibandikwa karatasi ndani ya nailoni. Ilikuwa jedwali lile lile. Nililitambua kwa doa la chai lililokuwa pembeni, upande wa kulia, lenye umbo la sikio. Doa hilo nililiona kwenye picha ya kundi. Nililiona kwenye picha ya mwanamke wa Kumasi. Nililiona kwa jirani, nikadhani ni uchafu wa simu yake.

Yaani mahali pangu patatu palikuwa mahali pamoja tu.

Hilo peke yake lingenitosha kukosa raha, lakini karatasi ya ukutani ilikuwa nzima. Ile ya kwenye simu ilikatwa juu. Na hapo juu, kwa herufi kubwa, paliandikwa: Vipimo vya sabuni, vitu vya kupaka na kuosha papo hapo.

Mzee Issifu aliporudi na vifuniko nilimuuliza nani alikuja kupiga picha karatasi yake. Akasema ni wengi, mwaka mzima wanakuja, na kama angejua angetoza. Akacheka. Nilimlipa, nikasahau vifuniko kaunta, akanikimbilia navyo mpaka kwenye pikipiki.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwenye duka la dawa karibu na stendi ya zamani, ambako kuna mfamasia kijana asiyependa maneno mengi. Nilimweleza kwamba ninatengeneza mafuta na nataka kujua kipimo cha karafuu.

“Ya kuoshwa au ya kukaa mwilini?” akauliza.

Mwaka mzima nilikuwa nikiuliza watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

“Ya kukaa.”

Akafungua kitabu kinene, akafuata mstari kwa kidole, kisha akafungua cha pili kuhakikisha. Nusu gramu katika mia, akasema, na hiyo ni kwa mtu mzima mwenye ngozi isiyo na shida. Nikamuuliza kuhusu mtoto mchanga. Akainua macho.

“Mchanga wa siku ngapi?”

“Tano.”

“Usimpake karafuu kabisa, dada. Umempaka?”

Nilimwambia sijui. Na kweli sikujua.

Jumatatu nilikuwa nimempelekea wifi yangu Memunatu kikopo kikubwa huko Savelugu. Alijifungua mtoto wa kike Ijumaa, mtoto wa kwanza wa kaka yangu Neindow. Mafuta yalikuwa ya Memunatu mwenyewe, kwa ajili ya mgongo na miguu iliyovimba, na kwenye kifuniko niliandika “ya mama”. Nilijiona nimefanya kazi safi. Lakini mimi nimezaliwa huku, nimekulia kwenye nyumba hizi, na nilipaswa kujua: chumba cha mzazi hakina mafuta ya mama. Chochote cha kupaka kinachovuka kizingiti kile kinakwenda kwa mtoto, na anayeamua ni mwoshaji. Mwoshaji wetu alikuwa Bibi Katumi, shangazi wa marehemu baba, aliyeosha wachanga wa ukoo mzima, na kuandika kwangu kwenye kifuniko hakukumhusu kwa sababu hasomi.

Nilipiga simu ya Memunatu. Imezimwa. Nikapiga ya Neindow, aliyekuwa njiani kutoka Kumasi kuja kwenye sherehe ya jina. Akaniambia kwa furaha kwamba mama mtu analala mchana, nisimsumbue. Sikumwambia kitu. Wachanga wetu huoshwa asubuhi na alasiri. Ilikuwa saa saba kasoro.

Barabara ya Savelugu imenyooka, na siku nyingine naipenda kwa hilo. Siku ile ilinikera, kwa sababu haikunipa cha kufanya ila kupiga hesabu. Kikopo kina gramu mia mbili. Karafuu ndani yake gramu sita. Wameosha Jumatatu alasiri, Jumanne mara mbili, leo asubuhi. Mara nne. Nilijaribu kukadiria wanapaka kiasi gani kila mara, nikagundua sijui. Nilijua kiasi cha kupaka uso wa mtu mzima, kiasi cha kupaka mikono. Mtoto anayeoshwa na Bibi Katumi sikuwa nimempimia. Lori la vitunguu lilinipita kwa karibu, dereva akanipigia honi ndefu, nikarudi upande wangu wa barabara.

Nilisikia kilio kabla sijazima pikipiki.

Ndani ya chumba walikuwamo wanawake watano. Maji ya majani yalikuwa yakitoa mvuke kwenye beseni, na Bibi Katumi alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mtoto amelala juu ya miguu yake. Maji bado hayajamgusa. Kikopo changu kilikuwa wazi karibu na goti lake, kimeliwa mpaka nusu.

“Mke mwenzangu amefika,” Bibi Katumi akasema bila kugeuka. “Amesikia harufu ya mafuta yake tangu Tamale. Umekuja kuninyang’anya mume au kikopo?”

Wanawake wakacheka. Mmoja, jirani wa Memunatu aitwaye Tipagya, akaniambia chumba kizima kinanukia, na kwamba anataka vikopo viwili, kimoja cha binti yake aliyeko Bolgatanga. Mwingine akasema hata yeye.

Nikaomba wasubiri kidogo kuosha. Bibi Katumi akauliza wasubiri nini, maji yapoe? Nikasogea, nikapiga magoti, nikamtazama mtoto. Shingoni, kwenye mikunjo, palikuwa pekundu. Kwenye mapaja vilevile, na vipele vidogo vimetambaa mpaka tumboni.

Nikauliza vimeanza lini. Memunatu, aliyeegemea ukuta kwa uchovu, akasema tangu jana, na kwamba mtoto analia sana wakati wa kupakwa. Bibi Katumi akasema wote hulia. Ni maji ya moto, ndiyo yanayokaza mwili, na Neindow mwenyewe alilia hivyo hivyo. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo: kilio cha kwenye beseni hakimshtui mtu kwetu. Mtoto angeweza kuendelea kulia mpaka siku ya jina, na wangemsifu kwa mapafu mazuri.

Ningeweza kusema ni joto. Ningeweza kukichukua kikopo na kusema nimekosea, nitaleta kingine. Tipagya alikuwa bado ananihesabia kwa vidole watu wanaotaka.

“Si maji,” nikasema. “Ni mafuta yangu. Nimetia karafuu mara sita ya inayomfaa mtu mzima. Na kwa mtoto haitakiwi hata kidogo.”

Tipagya akakunja vidole vyake.

“Ulisema unapima,” Memunatu akasema.

“Nilipima.”

“Ulisema una mizani.”

“Mizani haikukosea, wifi. Nilikosea mimi. Kipimo kilikuwa cha sabuni.”

Memunatu akamchukua mtoto kutoka miguuni mwa bibi, akamfunga kwenye khanga kavu, akasimama. Nikasema twende zahanati. Akatangulia.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mwenye haraka. Akauliza mtoto kapakwa nini, akijiandaa kusikia jibu analolisikia kila siku, kwamba ni dawa tu, ni mafuta tu. Nikamtajia kila kiungo na gramu zake, na mara ngapi kapakwa. Akaacha kuandika, akanitazama, kisha akaanza upya kwenye ukurasa mwingine. Akamwosha mtoto mwenyewe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na harufu, taratibu, mara mbili. Akasema asipakwe kitu chochote, arudishwe Ijumaa, na akipata homa arudishwe saa hiyo hiyo.

Mpaka Ijumaa sikukaa. Nilizunguka kwa wote niliowauzia mafuta ya karafuu nikiyakusanya. Nilituma kwenye kundi picha ya karatasi nzima ya mzee Issifu, pamoja na maneno ya mfamasia. Watu kumi na mmoja walishukuru. Mmoja aliandika kwamba ametumia gramu tatu miaka miwili na hajafa mtu. Kesho yake mwanachama mpya aliomba vipimo vya losheni, na mtu akamtumia picha ile ya zamani, iliyokatwa. Nikaituma tena ile nzima. Nilianza kuwaandikia mmoja mmoja.

Ijumaa wekundu ulikuwa umefifia, na ngozi ya tumboni imeanza kubambuka. Muuguzi akaruhusu shea tupu. Mtoto akapewa jina lake mchana huo, Suhuyini, nami nikala wali wa sherehe kwenye kona ya ua.

Alasiri niliingia chumbani na mizani na kikopo cha shea. Bibi Katumi hakuwa amenisemesha tangu Jumatano. Aliwaambia wengine kwamba nimemfanya aonekane mjinga mbele ya watu aliowaosha wakiwa uchi. Nilimwomba achote kama anavyochota siku zote, na aweke juu ya mizani kabla ya kupaka. Akaivuta mizani karibu. Kisha akachota.

Gramu kumi na mbili.

“Ngoja,” akasema. “Huo ni mgongo tu.”

Niliandika. Alipotaka kupaka, Memunatu akaweka mkono juu ya kikopo, akakiinua mpaka puani.

“Kuna nini humu?”

“Shea tu, wifi.”

“Shea na nini?”

“Shea tu.”

Akanusa tena. Akaniuliza mara ya tatu, nami nikamjibu mara ya tatu.