Miwani ya Bi Chausiku na Barua ya Kufunga Shule

Barua ya kufunga shule ilifika kwa Bi Chausiku ikiwa imekunjwa mara nne, na kwenye kona ina alama ya kidole chekundu cha ubuyu. Alama hiyo ilitosha kumjulisha kwamba mjukuu wake Raudha kapitia dukani kabla ya kupitia nyumbani. Bi Chausiku alikuwa kibarazani anasugua chuma cha vitumbua. Akaitikia shikamoo, akamwamuru mtoto avue viatu, anawe mikono, ndiyo akae asome.

Utaratibu wao ulikuwa huo tangu Raudha yuko darasa la pili, na sasa yuko la tatu. Karatasi yoyote iliyoingia nyumba ile, iwe ya umeme, ya msikitini au ya serikali ya mtaa, mtoto alisoma na bibi alisikiliza, maana miwani ya bibi ilivunjika. Ilivunjika mwaka jana na hadi leo ilikuwa inaendelea kuvunjika. Kila aliyeiulizia aliambiwa fundi bado anatafuta kioo cha saizi yake.

Raudha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. Muhula unafungwa kesho kutwa, Ijumaa. Choo kipya cha wasichana kimekamilika, na kila mwanafunzi atakaporudi Julai aje na kidumu cha maji kwa heshima ya choo hicho. Timu ya netiboli ilifungwa ishirini na mbili kwa tatu na shule jirani, lakini ilionyesha nidhamu. Mchicha wa darasa la tano umeliwa na mbuzi, na mwenye mbuzi anajijua. Hapo ndege ikapita juu ya mabati, na kama ilivyo kawaida ya Kiwalani, mtoto akanyamaza kidole kikiwa palepale, akangoja mngurumo uishie kule uwanja wa ndege, akaendelea. Mahafali ya darasa la saba ni Septemba. Dawa za minyoo zitatolewa shule ikifunguliwa.

"Aidha," akasema, na macho yake yakaiacha karatasi, yakapanda taratibu hadi kwenye dari, "kila mlezi anaombwa amnunulie mwanafunzi chipsi mayai siku ya kufunga shule, kwa ajili ya afya ya ubongo."

Bi Chausiku hakuacha kusugua. "Rudi chini."

"Chini wapi, bibi?"

"Kwenye karatasi. Huko darini hawajaandika kitu."

Raudha akacheka, akarudi chini, akamalizia kwa "wako katika ujenzi wa taifa." Bi Chausiku akajisikia vizuri. Kwa njia hiyohiyo ya macho alishakamata safari ya kwenda kuogelea Kigamboni, sare mpya ya rangi ya waridi, na likizo ya siku nne ya kumwombolezea paka wa mwalimu mkuu. Mtoto akitunga, macho yanapanda. Kwa hiyo baada ya kuikamata chipsi aliona kazi imekwisha. Hakuwaza kabisa kwamba mtoto anaweza kuruka aya nzima, maana kuruka hakuhitaji dari. Unateremsha kidole tu.

Aya hiyo aliletewa na Jesca kesho yake asubuhi.

Jesca ni jirani wa mlango wa pili, na mwanawe Allen anasoma darasa moja na Raudha. Alikuja na bakuli lake la vitumbua vitano vya kila siku, akatoa shikamoo, kisha akashusha sauti kama mtu aliyeingia wodini.

"Pole na macho, bibi."

Bi Chausiku akamuuliza macho ya nani.

Ndipo Jesca akamwaga yote. Kesho saa tatu, kabla ya kugawa ripoti, kuna Siku ya Kusoma ya darasa la tatu. Kila mtoto anasimama mbele na mlezi wake, wanasoma pamoja ukurasa mmoja wa kitu chochote walichochagua. Yeye Jesca amechukua kitabu cha kiboko anayeogopa maji, na amekifanyia mazoezi mpaka mumewe akirudi kazini anauliza kiboko kaamkaje. Mwalimu Anastasia amewaambia wazazi kwamba bibi yake Raudha hatafika, anasumbuliwa na macho. Barua ziligawiwa tangu Jumatatu, na Raudha mwenyewe ndiye aliyerudisha kile kipande cha chini, kile cha kukata, kimejazwa hivyo.

"Juzi tumekuombea kwenye jumuiya," Jesca akamalizia. "Wote, kwa jina."

Bi Chausiku akashukuru kwa maombi. Akamhesabia vitumbua saba badala ya vitano, na vilivyobaki kwenye chuma vikaungua. Tangu aanze biashara ile, vitumbua vyake havijawahi kuungua.

Ukweli ni kwamba miwani haikuwa na ufa wala mkwaruzo. Ilikuwa sandukuni, imefungwa kwenye kitambaa, kama mwanawe Nassibu alivyoinunua Kariakoo kabla hajaanza utingo wa basi la Mwanza. Tatizo ni kwamba hata akiivaa, herufi za shule zilikuwa zinaongezeka ukubwa tu. Baba yake alimpeleka chuoni kusoma Kurani, akamhitimisha vizuri, na shule akaiona haina haja kwa binti. Baada ya hapo yakaja maisha, na maisha hayakumsubiri mtu ajifunze a, e, i. Alizika mume, akalea watoto watatu kwa chuma kimoja cha vitumbua, akajifunza tarakimu kwa sababu wateja wanakosea chenji kwa makusudi. Kwenye simu yake watu walikuwa picha: Jesca nyanya, Nassibu basi, mama yake Raudha, aliye Omani kikazi, ni ndege.

Mtaani hakuna aliyejua, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu Bi Chausiku alikuwa na mdomo. Hakuna aliyepita barazani pale bila kutaniwa. Mzee Twaha, mwenyekiti wa mtaa, aliposoma muhtasari wa mkutano mwaka jana, Bi Chausiku alisema mbele ya watu anasoma kama anayetafuna mfupa, na jina Mfupa likamganda hadi leo. Leo hii ijulikane kwamba yeye mwenyewe hata jina lake haliandiki kwa herufi za shule? Asingepata pa kupita. Angeweza kukaa nyumbani. Udhuru ulishatolewa na maombi yalishafanyika. Ila mtoto angesimama mbele ya darasa na mwalimu, kama asiye na mtu, ilhali mtu wake yuko mtaa wa pili anageuza vitumbua.

Raudha aliporudi, bibi akamkalisha.

"Kumbe naumwa macho."

Mtoto akainamia vidole vyake vya miguu. Akavihesabu hadi ndege ya jioni ikapita.

"Bibi, miwani yako haijavunjika," akasema. "Iko sandukuni, juu ya lile daftari jeusi. Niliiona."

"Lini?"

"Niko la pili."

"Na hukusema."

"Na wewe hukusema."

Muda wote Bi Chausiku alidhani anamficha mtoto. Kumbe mtoto ndiye amekuwa akimficha yeye, na kwa adabu zaidi, bila hata kuhitaji fundi wa vioo. Akavuta kanga yake, akajifuta uso, akasema moshi.

"Kesho nakuja," akasema baadaye.

"Utasoma nini?"

"Tutasoma. Barua si imesema pamoja? Au na hilo umelitunga?"

Ijumaa darasa la tatu B lilikuwa na watoto tisini na moja kwenye madawati na walezi wamejipanga ukutani kama waliokuja kupimwa urefu. Mwalimu Anastasia, mtu wa Sumbawanga, alikuwa na mwaka mmoja tu Dar na bado hajazoea ndege. Kila ikipita yeye anaendelea kuongea, watu wanaona midomo tu. Jesca na Allen walisoma kiboko vizuri mno, ingawa Jesca alilia kidogo pale kiboko alipoingia mtoni. Mzee Twaha alisoma na mjukuu wake kwa kasi, asiache nafasi ya mtu kusikia mfupa.

Bi Chausiku akaingia amevaa buibui la Idi na miwani, kioo kizima huku na huku. Raudha alipomwona akashika ukingo wa dawati. Chini ya kwapa la bibi lilikuwepo lile daftari jeusi la sandukuni.

Wakaitwa. Bi Chausiku akaliweka daftari mezani, akalifungua.

"Bibi," Mwalimu Anastasia akamnong'oneza kwa upole mkubwa, "umelifungulia nyuma."

"Hapa ndo mbele, mwalimu. Huko kwako ndo nyuma."

Akaweka kidole kulia kabisa, juu ya ukurasa, akamgeukia mjukuu. "Soma."

Raudha akatazama. Zilikuwa herufi za chuoni, zilezile anazozisoma kila alasiri kwa ustadhi, zimeandikwa kwa wino uliofifia na irabu zote zimetiwa. Akadhani ni dua. Akaanza kuunganisha polepole, kama anavyofundishwa. "M... mka... mkate." Akasimama. Akarudia. "Mkate wa... kumimina." Akainua uso, akasahau kabisa kwamba darasa zima linamtazama.

"Bibi, mbona hiki ni Kiswahili?"

"Ulitaka mama yangu apike kwa Kichina? Yeye hakuwa na herufi nyingine, akatumia alizonazo. Soma, watu wanangoja."

Wakasoma. Mtoto akikwama bibi anashika, bibi akikimbia mtoto anamvuta. Loweka mchele usiku kucha. Saga na tui la kwanza. La pili mpe mgeni asiyejua kutofautisha. Kina mama wa ukutani wakaanza kuguna. Tia hamira, tia iliki, funika, ondoka. Usichungulie. Ukichungulia hautaumuka, wala usije kwangu kulalamika. Wifi yangu alichungulia, naye akatoa...

Ndege ikapita. Darasa zima, watoto kwa wazazi, likangoja, Bi Chausiku kanyoosha kidole hewani kama polisi wa njia panda. Hata Mwalimu Anastasia akangoja, kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

"Kandambili," bibi na mjukuu wakasema pamoja.

Kicheko kilichotoka hapo kilimleta mwalimu mkuu dirishani. Watoto wa nyuma wakapanda juu ya madawati kuliona daftari linalosomwa kinyume, na Allen akauliza kama jina lake nalo linaweza kuandikwa hivyo. Katikati ya kelele hizo Mzee Twaha akakohoa. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili, mtu aliyesubiri mwaka mzima.

"Hongera, Bi Chausiku. Ila nina swali. Mbona matangazo yangu ya mtaa huwaga unasomewa na mtoto?"

Raudha akafungua mdomo aseme macho. Bibi akamwekea mkono begani.

"Kwa sababu zile herufi zako sizijui, Twaha. Sikwenda shule. Hizi ndizo ninazozijua, na zile ananisomea huyu."

Hakuna aliyecheka. Jesca akawa anatazama sakafu, pengine anapanga upya maombi.

"Basi ulinicheka kwa lipi," Mzee Twaha akauliza, "na kunipa jina?"

"Nilikucheka kwa masikio. Masikio yangu mazima."

Mzee Twaha akashikilia uso wa uenyekiti kwa muda mfupi, kisha mabega yakaanza kumcheza, na alipocheka yeye darasa zima likafuata. Akasema angalau sasa wako wawili wenye mfupa, kila mmoja na wa kwake. Bi Chausiku akakubali, akasema wa kwake una nyama.

Kwenye meza ya ripoti kulikuwa na karatasi ya mahudhurio, na pembeni kile kidude cha wino wa dole gumba ambacho Bi Chausiku alikizoea vikao vyote, akisingizia miwani. Akakisukuma kando. Akachukua kalamu, akaandika jina lake kutoka kulia, pole pole, na irabu zake zote. Mwalimu Anastasia akaigeuza karatasi huku na huku, akaomba aonyeshwe Chausiku inaanzia wapi.

Wakarudi nyumbani kwa mguu, Raudha kashika ripoti na bibi kashika daftari. Raudha alikuwa wa kumi na tisa kati ya tisini na moja, na hilo alilisoma mara tatu bila kutazama juu. Wakakubaliana jinsi likizo itakavyokwenda: asubuhi baada ya vitumbua mtoto anamfundisha bibi herufi za shule, alasiri baada ya chuo wanasoma daftari, maana kulikuwa bado na kurasa arobaini za mapishi na wifi hajamalizwa kusemwa. Bibi akaitaka barua ya Jumatano. Akasema safari hii isomwe yote, aya kwa aya, na pasirukwe kitu.

Raudha akaikunjua, akasoma ile aya ya Siku ya Kusoma neno kwa neno, kidole kikitembea chini ya kila herufi na bibi akikifuata kwa macho nyuma ya miwani. Walipofika karibu na banda la chipsi la kona, mtoto akapunguza mwendo.

"Pia," akasema, na macho yakaanza kupanda, yakapita karatasi, yakapita mabati, yakaifuata ndege iliyokuwa inashuka, "mlezi atakayesoma vizuri kuliko wote anaombwa..."

"Rudi chini," Bi Chausiku akasema. Ila alishaanza kufungua pindo la kanga lenye pesa, na kwa mwenye banda akaagiza sahani moja, mayai mawili.