Lameki Yuko Yerusalemu

"Hivi, mama Elieza, mtu akishaagwa kanisani, akaliliwa, akapewa na kuku wa njiani, halafu asiende, huyo amekwenda au hajakwenda?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Fidelia, amesimama mlangoni pangu na kikapu kitupu kichwani, siku aliyotoka Makambako kuuza viazi. Fidelia ni Mkatoliki, tena ana maswali. Nikaendelea kuchambua maharage yangu.

"Unamsema nani?"

"Mzee wenu wa kanisa. Nimemwona Makambako kwa Filbert fundi cherehani, anakunywa uji."

"Lameki yuko Yerusalemu," nikamwambia.

"Basi Yerusalemu wanakunywa uji wa ulezi, maana nimeuona kwa macho yangu."

Niseme yalivyoanza. Mwaka ule picha za Malkia mpya zilibandikwa bomani Njombe, na watu wakashikwa na homa ya safari. Hata sisi akina mama, tukipalilia shamba la kanisa, hatukuongea tena habari za mbegu. Hulda alitaka London, akaone kama lile taji halimlegei mwenyewe. Fidelia, ambaye shamba halikuwa lake ila alipenda maongezi, alitaka Roma, siku mbili tu, akamshtaki padre wao kwa Baba Mtakatifu, kwamba anahubiri mpaka viazi vya watu vinaungua majumbani. Mimi nilichagua mto Yordani, lakini wakati wa kiangazi, maana sijui kuogelea.

"Na wewe, Tabea?"

Tabea, mke wa Lameki, alinyoosha mgongo, mkono kiunoni. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Mimi nataka Tandala."

Wakacheka sana. "Dunia yote hii, wewe Tandala! Si hata punda wanafika Tandala?"

"Dada yangu ni mkunga kule," akasema. "Nimezika wawili. Huyu nataka apokelewe na mikono ya dada yangu. Lameki ameniahidi kunipeleka."

Tukarudi kwenye majembe.

Mwezi haukuisha, ikaja habari kwamba mmisionari mmoja anakwenda kwao likizo, na atachukua mzee mmoja wa kanisa waongozane naye mpaka Yerusalemu. Wazee wakapiga kura, ikamwangukia Lameki. Tabea akamwuliza, "Na Tandala je?" Akajibu, "Tandala haihami, mke wangu."

Tulimuaga kwa machozi. Alipewa sweta mbili, blanketi, kuku sita wa kukaanga, na chupa tatu tupu za kuletea maji ya Yordani. Mchungaji Danieli akatangaza kwamba msafiri atapokelewa Jumapili ya mavuno. Na kwetu, mtu aliyeagwa kwa maombi hupokelewa kwa maombi. Huwezi kukutana naye njiani ukamsalimia tu "kamwene" kana kwamba alikwenda kuchota maji.

Lameki alishuka basi Makambako, maili arobaini tu kutoka nyumbani, akakuta barua inamngoja. Meli imebadilishwa siku, mmisionari ameshaondoka, asisikitike, labda mwakani. Akakaa juu ya sanduku lake pale njia panda, upepo wa Makambako ukimpiga pande zote, mpaka Filbert akamhurumia akamwingiza ndani. Kurudi hakuweza. Kuku walikuwa wameshaliwa.

Baada ya Fidelia wakamwona wengine. Mmoja alisema amekutana sokoni na mtu anayefanana na mzee wetu, hata kikohozi ni kile kile, akamsikitikia kwamba hana bahati ya kuwa Yerusalemu. Wazee wakaketi kulizungumza. Mzee Ezekia, ambaye ndiye msemaji wao, akauliza, "Tulimwombea afike. Tukisema hakufika, yale maombi tutayaweka wapi?" Hakuna aliyejua pa kuyaweka. Basi kila Jumapili tukaendelea kuombea bahari itulie. Waliotaka kumwandikia waliandika juu ya bahasha, "Mzee Lameki, Yerusalemu," wakampa utingo wa basi, naye akazishusha Makambako bila kuuliza kitu.

Mimi niliitikia "Amina" kama wengine. Siandiki haya kujitakasa.

Mwezi Juni Tabea aliniita. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, kichwa juu.

"Mama Elieza, kaniitie mume wangu. Najua aliko. Aje anitafutie lori la kunifikisha Tandala. Kama hawezi, aje tu akae mlangoni nimsikie akikohoa."

Nikapanda basi asubuhi. Nilimkuta Lameki kwa Filbert, amevaa sweta zote mbili, anashona vifungo kwenye kaptula ya askari.

"Kamwene, Mzee Lameki."

Hakuinua kichwa. "Mama, unanifananisha."

"Nakufananisha na nani? Si mimi niliyekufumia hiyo sweta ya ndani?"

Akatazama mlangoni, kisha akanong'ona, "Mama Elieza, mimi niko safarini. Mtu akiwa safarini haongei na watu wa nyumbani. Huandikiwa barua."

Filbert akacheka mpaka cherehani ikasimama. Mimi sikucheka. Niliomba karatasi, nikaandika pale pale juu ya meza ya kukatia nguo: Mkeo hali yake si nzuri, mtoto amekaa vibaya, anakuita leo. Nikaikunja, nikamkabidhi mkononi.

Alisoma, akarudia, akaiweka ile kaptula kando. Nikadhani amepona. Akaikunja tena akaitia mfukoni.

"Barua ya kutoka Njombe," akasema taratibu, "huchukua wiki tatu kufika Yerusalemu."

"Mtoto hangoji wiki tatu, Lameki."

"Na meli haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja."

"Meli gani? Basi linaondoka saa nane!"

"Nikirudi leo watasema nini? Watu walilia, mama! Ezekia alilia! Umewahi kumwona Ezekia akilia?"

"Nimemwona Tabea akilia," nikajibu.

Alinisindikiza hadi basini, akasimama mbali, hatua kama ishirini, ili tusionekane tuko pamoja. Basi lilipoondoka aliinua mkono. Utingo akasema, "Yule mzee wa Yerusalemu ana huruma sana."

Mtoto alizaliwa Alhamisi mchana, ukungu umeziba mpaka mlangoni. Madereva wote tuliowauliza walisema bila mwenye mke hawambebi mjamzito milimani, akifia njiani watajibu nini. Hivyo tulikuwa mimi na kitabu changu cha nyimbo, Fidelia na rozari yake, na kila mmoja akaomba kwa dini yake, kwa sauti, tukishindana. Mtoto alitanguliza miguu kama abiria anayeshuka basi. Alikuwa wa bluu. Fidelia alimshika miguu akampiga makofi, akampiga tena, mpaka akalia. Tabea alipoteza damu nyingi, siku nne hakujua hata jina langu. Siku ya tano aliuliza, "Amekuja?" Nikamwambia hapana. Hakuuliza tena.

Jumapili ya mavuno Lameki alishuka basi Njombe akiwa na sanduku lake na kofia mpya. Tulimwimbia kutoka barabarani hadi kanisani, katikati ya mahindi na maboga ya sadaka. Mchungaji Danieli akamkalisha kiti cha mbele na kumwomba atoe habari.

"Yerusalemu," Lameki akaanza, "ni njia panda. Kuna upepo mkali. Watu wa huko huvaa sweta."

"Amina!"

"Magari hupita usiku na mchana. Wenyeji wanauza viazi, ila vyao ni vidogo kuliko vyetu."

"Bwana asifiwe!" Ezekia alikuwa ameshaanza kulia. Fidelia alikuwa dirishani, kwa nje, amejiziba mdomo kwa kanga.

Mchungaji akasema, "Mama Tabea, njoo umsalimie msafiri."

Tabea alitembea polepole, bado hajapata nguvu, mtoto mikononi. Akasimama mbele ya mumewe.

"Alhamisi ile huyu alipozaliwa," akamwuliza, "ulikuwa wapi?"

Lameki alimtazama mtoto, ambaye hajamwona tangu azaliwe. Angeweza kusema Bethlehemu, na watu wangepiga vigelegele.

"Makambako," akasema. "Kwa Filbert. Nilikuwa nashona vifungo."

Ezekia akasimama upesi. "Ndugu zangu, ni kweli! Hakuna njia ya kwenda Yerusalemu isiyopita Makambako!"

"Amina!"

"Nilikuwa Makambako miezi yote mitatu," Lameki akasema kwa nguvu. "Sikwenda popote! Nisikieni!"

"Amina!" kanisa likaitika kwa nguvu zaidi, na mtu wa nyuma akaanzisha wimbo wa shukrani.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa namtazama Tabea. Alimfunika mtoto vizuri, akampakatisha mumewe magotini, akauweka mkono wa Lameki chini ya kichwa cha mtoto jinsi inavyotakiwa. Kisha akapita katikati yetu sote tukiimba, hadi mlangoni, akatoka.