Mstari wa Mengineyo

Jumatatu saa tatu asubuhi, Mama Rula alipanda juu ya stuli kwenye korido ya ofisi ya takwimu, akapima kwa rula yake ya mbao na kuweka nukta ya mwaka kwenye grafu iliyochorwa ukutani. Ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na tisa. Mstari mwekundu ulikuwa matumizi mengineyo ya serikali yao, wa bluu ulikuwa wa serikali ya jirani. Mengineyo ni fungu la kila kisicho na fungu. Wa bluu ulitambaa usawa wa kiuno tangu alipoajiriwa, na siku hiyo pia ulitulia hapo.

Mwekundu haukusimama kwenye nukta. Alipoinua kalamu uliendelea wenyewe, ukapanda ukuta, ukatoboa dari, na kabla ya chakula cha mchana ulikuwa nje juu ya paa, mnene kama nguzo ya umeme.

"Umetoka," mlinzi alisema, akichukua funguo zake.

"Nimeuona. Mwaka jana ulibakiza kidogo tu kufika darini."

Mvua ikaanza kuingia, mkurugenzi akaita fundi. Fundi akaziba, akaleta ankara. Kwa kuwa tundu la mstari halina fungu, alilipwa kutoka mengineyo, na hapo hapo mstari ukapanda tena na kung'oa bati jipya. Wiki ile fundi aliitwa mara nne. Mara ya nne alikuja amevaa suti.

Ijumaa mkurugenzi alimwita Mama Rula. Faili lake la kustaafu lilikuwa mezani, limekosa sahihi moja tu.

"Dada yangu, Jumatano tuna wageni kutoka kwa jirani. Futa huo, chora mwingine ulingane na wa wenzetu. Mimi nasaini, wewe unakwenda kupumzika."

Mama Rula alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa na nyumba aliyoianza, kuta nne bila paa, na pensheni ile ndiyo ingekuwa mabati yake.

"Bosi, mimi nachora tu. Mkitaka ushuke, ushusheni huko huko mlikoupandishia."

"Unajua unachokikataa?"

"Nakijua mpaka idadi ya misumari."

Mkurugenzi alirudisha faili kwenye droo na kugeuza ufunguo.

Jumatano wageni walifika, wakautazama mstari kwa adabu, wakanywa chai. Mchoraji wao, mama mmoja mwenye rula ya bati, alimvuta Mama Rula pembeni.

"Pole, mwenzangu. Huku kwenu kazi ni ya kupanda."

"Nimeshazoea, dada."

Miezi ikapita. Muda wake wa kustaafu ulifika ukapita, faili likiwa bado drooni. Ofisi ilinunua ngazi ndefu ya kufikia ncha, kwa fedha za mengineyo, na ilipofika ikawa tayari ni fupi. Ikaagizwa nyingine.

Mwaka ulipogeuka, Mama Rula alifunga kanga kiunoni, akatia rula mgongoni na kupanda. Alipita dari, akapita paa, akapita waya za simu. Huko juu alikuwa akiona mpaka nyumbani kwake: kuta nne, na majani yameota sebuleni. Aliziangalia mpaka akatosheka. Kisha akapima mara mbili, akaweka nukta mahali pake hasa, wala hakuishusha hata kwa upana wa ukucha.